Voice note yangu ya Biology ilivyojicheza kanisani mbele ya wazee

Wakuu, salamu kutoka milima ya Kathiani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mpaka sasa nikikumbuka jasho linanitoka.

Mimi ni mwalimu wa Biology, sekondari ya kutwa. Mvua hizi zilibeba daraja letu, wanafunzi wa ng'ambo ya mto wakakwama huko. Shule wanaiona kwa macho tu.

Tukasema tutumie WhatsApp. Shida ni kwamba ng'ambo network inashika kule juu kanisani tu, na smartphone ya kutegemewa ni moja, ya katekista. Video haifunguki. Picha inazunguka mpaka unachoka. Voice note ndiyo inaingia.

Basi walimu tunatuma masomo katikati ya wiki. Jumapili ibada ikiisha, wakubwa wanaenda nyumbani, katekista anaunganisha simu na spika ya kwaya, na Form Three wanasikiliza wakiandika.

Spika hufungiwa ndani ya wavu wa chuma kwa sababu ya wezi. Funguo anayo mwenyekiti wa kanisa, Mzee Mutua. Yeye ndiye alikubali itumike. Siku akikataa, hao watoto hawana masomo tena.

Mzee ana binti, Ndinda, aliyeacha shule mwaka jana akiwa mjamzito. Hilo jambo pale kanisani hakuna anayeligusa.

Jumapili moja nikazunguka na bodaboda kwa barabara ya mbali, nikaone darasa langu.

Ibada ikaisha, mvua ikamwagika. Wakubwa hawakutoka. Katekista akaona aanze tu, maana somo la kwanza lilikuwa la mwenzangu wa Agriculture, mambo ya kuchimba matuta. Akina mama wakawa wanatingisha vichwa, hayo wanayajua.

Maji ya paa yakaanza kutiririka. Na nyinyi mnajua Ukambani hayo maji hayaachwi yapotee. Katekista na vijana wakakimbia nje kukinga mitungi. Simu akaiacha kwa meza ya mbele, imejifunga.

Sasa wakuu, voice note ikiisha, inayofuata inajicheza yenyewe.

Nikasikia sauti yangu imejaa kanisa: "Leo tunaangalia uzazi wa binadamu."

Nilikufa ganzi! Tena nilikuwa nimeeleza kila kiungo kwa Kiswahili chepesi, ndio waelewe vizuri.

"Aiya, Bwana Mungu!" susu mmoja, nyanya wa benchi la mbele, akapiga kelele. "Si mtu azime hiyo kitu!"

PIN hakuna anayeijua, na katekista yuko nje mvuani, hasikii. Spika iko ndani ya wavu. Kanisa zima likamgeukia Mzee Mutua. Funguo nikaiona mkononi mwake.

Hakusimama.

Na mimi kule kwa spika naendelea tu: "Mimba inaweza kuingia hata mara ya kwanza. Usidanganywe na mtu."

Benchi la nyuma Ndinda alikuwa ameinamia mtoto wake.

Ikacheza mpaka mwisho. Ikabaki mvua tu juu ya mabati.

"Huyu mwalimu ako wapi?" Mzee akauliza.

Nikasimama. Nilijua masomo yameisha, na mimi pia nimeisha.

"Mwalimu, hii kitu ungeleta mwaka jana. Mimi niliona haya kumwambia. Mama yake pia. Sasa ona."

Akamgeukia katekista, ambaye alikuwa ameingia akichuruzika maji. "Rudisha mwanzo. Na hakuna mtu anatoka."

Mshtuko huu wa pili ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Nilichojifunza: ukituma somo kwa simu, hujui litasikiwa na nani, kwa hivyo sema ukweli unaoweza kusimama nao mbele ya mzee yeyote. Na sisi wazazi tuache kungoja spika iongee na watoto wetu.

Walimu wenzangu mnaofundisha kwa simu, yenu yalikuwa yapi? Andikeni hapa chini, msiniache peke yangu na hii aibu.

Karibu nisahau. Assignment ya wiki hiyo, jibu la kwanza kuingia kutoka simu ya katekista lilikuwa voice note ya msichana, mtoto analia nyuma yake. Ni Ndinda. Amejibu maswali yote.