Lambo Lililofaulu

Juzi, nje kidogo ya Mwanza, nilisoma kibao kando ya lambo la mtu: "Hatari daraja la kwanza. Likibomoka litaua walio chini." Uso ulinishuka kwa aibu.

Alasiri ile ya utotoni ilinuka tope na ng'ombe. Mkaguzi alimwambia baba, "Mzee, lambo lako ni daraja la kwanza." Nilidhani ni kama matokeo ya shule. Nikateremka mbio kwa mama Kulwa, aliyeishi chini ya tuta letu.

"Lambo letu limefaulu!"

Akapiga vigelegele, akanipa kiazi cha moto, kisha akapaza sauti: "Hongera, baba Masanja! Masika haya tutalala usingizi!"

Baba, juu ya tuta, alimsikia vizuri, na maana ya daraja lile yeye aliijua. Akampungia kofia, akatabasamu.