Rangi ya Midomo

Mama alituachia neno moja: usimpeleke mtu wako mbele ya daktari akiwa hovyo, atahudumiwa hovyo. Yeye na Baba walipofariki, niliacha shule kidato cha pili, nikaanza kusuka nywele Kenyatta Market, nikamlea mdogo wangu kwa maneno kama hayo.

Alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka kumi na mitatu, kila asubuhi nilitoka nyumbani Mountain View nikampitia hospitalini kabla ya kwenda kazini. Nilimpangusa mwili, nikasuka upya mistari ya nywele iliyolegea, nikampaka mafuta usoni na rangi nyekundu kidogo midomoni, maana midomo ilikuwa imepauka.

“Dada, kwani leo naolewa?”

“Nyamaza. Wakikuuliza, sema unaendelea vizuri.”

Madaktari wakubwa walipita na wanafunzi wao, dakika chache kila kitanda, wakaenda zao kliniki. Leo huyu, kesho yule. Mdogo wangu alisema anaendelea vizuri, nao wakaandika hivyo.

Wiki ya pili akaja daktari wa namna ambayo sikuwa nimeiona. Hakuwa na kliniki. Kazi yake ilikuwa wagonjwa waliolazwa tu, kutwa nzima. Nilipofika mchana, saa ya kuona wagonjwa, nilimkuta ameketi kando ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa amekunywa uji, rangi imetoka.

“Asubuhi midomo ilikuwa myekundu,” daktari akasema. “Sasa ni ya buluu. Nani humpaka?”

“Ni mimi, daktari. Ili mumkute nadhifu.”

Afadhali angenifokea.

“Mimi sipiti tu, dada yangu. Niko hapa mpaka jioni. Niachie nimwone alivyo.”

Akaagiza oksijeni, akabadilisha dawa, akawa anarudi pale kitandani kila mara. Siku ya tatu alinieleza kwamba moyo umechoka sana. Nilimuuliza kama ile rangi ndiyo iliyotuchelewesha.

“Sijui,” akasema.

Siku ya tano mdogo wangu alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, daktari amesimama upande wa pili.

Kule mochari, mwanamke aliyekuwa akimwandaa aliniuliza kama nimeleta mafuta na rangi kidogo, watu wamwone amependeza. Vyote vilikuwa mkobani mwangu.

Nilimwambia amwache alivyo.