Picha Nne za Aristote

Kadi ya chakula ya Marlène Bisimwa ilitolewa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, tarehe 11 Februari 2009. Kwenye mstari wa idadi ya watu wa nyumba imeandikwa tarakimu moja: 1. Kadi iliyotangulia ilisema 2.

Aliyepungua ni kaka yake, Aristote. Walitoka Bukavu, Kongo, pamoja, wakafika Dzaleka mwaka 2003, wakakaa miaka mitano chini ya bati moja. Mwishoni mwa 2008 Aristote alimwoa Annuarite, msichana wa Uvira, akahamia naye Kauma, mtaa wa Lilongwe, akafungua meza ya kutengeneza simu. Kabla ya kuondoka alipita ofisini akatoa jina lake kwenye kadi ya pamoja. Hakumwambia dada yake. Marlène alijua siku ya mgao, gunia mkononi, karani aliposoma kwa sauti: "Familia ya mtu mmoja." Foleni nzima ilisikia. Tangu siku hiyo hakuzungumza tena na kaka yake.

Marlène ana miaka thelathini na ni fundi cherehani. Hushona sare za kwaya, hukunja mapazia, hurekebisha suruali za mitumba. Aprili 2014 alimshonea mapazia mama mmoja wa Lilongwe, na mama huyo akamzawadia mfuko wa vitambaa pamoja na vitu vilivyoachwa na mwanawe aliyekwenda ng'ambo. Chini ya vitambaa kulikuwa na mashine ya michezo inayotosha kiganja, inayofunguka kama kitabu. Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja.

Aliiwasha kwenye kibanda cha Nduwayo, anayechaji simu za watu kwa sola. Ulianza wimbo. Aliutambua kabla picha haijatokea.

Mwaka 1995, sebuleni kwa mjomba wao huko Nyawera, Bukavu, Marlène na Aristote walikuwa na mchezo wa kuchezea kwenye televisheni. Mtoto mwenye kijinga cha moto anapanda mlima wenye mapango manane, akiwasha meko yaliyozimika. Mashine ile haikuwa na kumbukumbu. Kila pango lilipomalizika ilionyesha safu ya picha nane: samaki, ngoma, jua, ufunguo na kadhalika. Kesho yake ulipaswa kuzirudisha kwa mpangilio uleule, la sivyo unaanza upya.

Aristote, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alizoea kuamka mapema na kuendelea bila mdogo wake. Marlène alilia, mjomba akaweka sheria. Picha zilipotokea, alifunika nusu ya skrini kwa jalada la daftari: Marlène aliziona nne za mwanzo, Aristote nne za mwisho. Kuandika kulikatazwa. Mmoja alipoingiza zake, mwingine aligeukia ukuta. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kucheza peke yake.

Walimaliza pango la saba. Oktoba 1996 vita viliingia mjini, na pango la nane hawakuliona.

Mchezo alioupata mwaka 2014 ni mlima uleule, miaka mia moja baadaye. Marlène alipanda bila kuuliza njia. Alijua ukuta upi una ufa na jiwe lipi linasukumika. Kichaka alichozoea kukikata kimekuwa msitu, na kibanda cha muuza kamba kimekuwa kijiji chenye soko. Alipouona mti wa kwanza wa utotoni, sasa umeanguka na watu wamegeuza shina lake daraja, alicheka kwa sauti, peke yake chumbani.

Jirani yake, Léoncie, alichungulia mlangoni.

"We Marlène! Mama muzima na jouet, kitu ya kuchezea! Batoto yako banasema nini?"

"Sina batoto, Léoncie."

"Njo maana nasema! Tafuta bwana, acha kuchekea ukuta."

Kwa wiki sita alicheza kila chaji ilipokuwepo. Alifika pango la nane. Mlinzi wa mlango alisema aliyewahi kumaliza pango la saba zamani aonyeshe picha zile nane. Marlène aliweka nne. Zilizobaki hakuwa nazo.

Alijaribu kubahatisha. Picha za kuchagua ni nane, nafasi ni nne, na jumla ya njia ni 4,096. Kila ukikosea mara tatu, mlinzi anakutupa chini ya mlima. Alitupwa mara kumi na moja.

Jumamosi tarehe 21 Juni alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, kisha minibasi hadi Lilongwe kununua nyuzi na zipu. Akaingia kwenye duka la intaneti, akaandika jina la mchezo, na ukurasa wenye picha zote nane ukaanza kufunguka kutoka juu. Samaki, ngoma, samaki, jua. Zake. Akafunika sehemu ya chini ya skrini kwa kiganja, akaufunga ukurasa. Akapanda minibasi ya Kauma.

Aristote alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo.

"Yaya," Marlène alisema, kama alivyomwita kaka yake mkubwa tangu utotoni.

Aliinua kichwa. "Marlène. Umekonda."

"Na we umenenepa."

"Njo nsima ya Annuarite, ugali yake ya kila siku."

Marlène aliweka mashine mezani na kuifungua. Wimbo ulipoanza, Aristote aliiweka chini bisibisi.

"Ah bon! Mulima yetu!"

"Niko ku mulango ya nane. Nilishaweka yangu ine. Weka yako."

"Geuka."

"Yaya, niko na miaka makumi tatu."

"Sheria ya mjomba haina miaka. Geuka ku ukuta."

Aligeuka. Alisikia mlio wa kosa, kisha mwingine.

"Umesahau?"

"Mi sijasahau. Vidole njo vimesahau."

Mlio wa tatu. "Imenitupa chini!"

"Inatupaka kila mutu. Panda tena."

Alipanda. Marlène, uso ukutani, aliuliza: "Juu ya nini haukuniambia ile mambo ya kadi?"

Vidole vya Aristote vilisimama. "Nilikuwa na haya. Nilisema utajua tu."

"Nilijua ku foleni, mbele ya bantu yote."

"Pardon, Marlène."

Marlène alibaki ameelekea ukuta.

Muda mfupi baadaye taa nyekundu ya betri iliwaka na skrini ikazimika. Umeme wa Kauma ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na minibasi ya mwisho haingengoja. Marlène alichukua mfuko wake wa nyuzi. Mashine aliiacha mezani.

"Usiandike," alisema.

"Mi naandikaka?"

Jumatatu Léoncie aliuliza jouet iko wapi. Marlène alisema iko kwa yaya yake. Nyumba imekuwa kimya zaidi kuliko kabla ya Aprili, na anashona kola za kwaya mlango ukiwa wazi. Jumatano ujumbe wa Aristote ulifika kwenye simu ya Nduwayo: "Nimekumbuka tatu. Ya ine bado. Kuja."

Kadi bado inasema 1. Jumamosi tarehe 28 Juni Marlène atapanda minibasi ya asubuhi kwenda Kauma.