Bambo la Mama Stumai

Ukitaka kumuudhi Mama Stumai, mwonyeshe maharage ya juu ya gunia. Hatayatazama. Atakuacha uyasifu mpaka uchoke, kisha atatoa bambo lake kwenye mkoba, kile chuma chembamba chenye uwazi ndani, alichome gunia ubavuni mpaka katikati. Yatakayotiririka kiganjani mwake, hayo ndiyo atakayoyanunua au kuyakataa. Nimemwona akifanya hivyo Mpui, nimemwona Matai, na siku moja alilichoma gunia la mdogo wake wa tumbo moja huku mwenyewe amesimama pale, wala hakuona haya.

Jina lake hasa ni Mwantum. Kwao ni watu wa maduka na malori hapa Sumbawanga mjini, lakini yeye alipoachika alihamia kwetu Chanji, akafungua ghala la maharage ubavuni mwa kibanda changu cha kushonea sare za shule. Yeye Mwislamu, mimi Mfipa Mkatoliki, na tumepikiana Idi na Krismasi miaka mingi hivi kwamba wajukuu zangu wanadhani Idi ni sikukuu yao. Ni mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mzuri, na akishaamua jambo, hata radi ya Machi haimrudishi nyuma. Nampenda, ila nasema ukweli: kuishi naye jirani kunahitaji kifua.

Binti yake Stumai alipopata kazi Mbeya, alimwachia mtoto wake Hasna. Hasna ana kigugumizi. Kwa bibi yake aliongea hivyo hivyo kwa kukwama na kujikwamua, na habari zake zilikuwa ndefu. Lakini mwaka ule wa chekechea wenzake walimcheka, mwalimu naye akacheka kidogo, na tangu hapo mtoto hakutamka neno nje ya ua wa bibi yake. Hata mimi alinisalimu kwa kuinama tu. Mama Stumai alikuwa na hofu moja, akaniambia waziwazi: "Mama Flavian, huyu akipata shule mbaya, hata huku nyumbani atanyamaza. Atakuwa bubu ilhali si bubu."

Kwa hiyo Januari ile, wakati wa kuandikisha darasa la kwanza, aliamua kuzikagua shule mwenyewe. Za serikali zilizo karibu nasi ni mbili. Kuna ya juu, yenye ubao mkubwa wa matokeo getini na kikombe ofisini, ambayo kila mzazi anaigombania. Na kuna ya bondeni, ambayo watu hupeleka watoto wakikosa nafasi ya juu. Huko wanasoma watoto wa pale bondeni pamoja na wa wale wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa ziwa Victoria. Mama Stumai huziuzia zote maharage ya chakula cha mchana, kwa hiyo hakuna mlango uliofungwa mbele yake. Akanikokota na mimi.

Shule ya juu alitupokea mwalimu mkuu, Mwalimu Tadei, mtu nadhifu na mkarimu. Akatuonyesha ubao. Akatuonyesha kikombe. Akamwita msichana wa darasa la tatu, akatusomea ukurasa mzima bila kumeza mate. Mama Stumai akamsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, huyo ni wa juu ya gunia. Niitie wa mwisho."

Mwalimu Tadei akacheka, akaona ni mzaha. Alipoona si mzaha akatuma aitwe. Akaja mvulana mmoja, shati limetoka nje ya kaptula, akasimamishwa mbele ya darasa zima. "Huyu ndiye wa mwisho wetu," mwalimu akasema. Wenzake wakaguna na kucheka. Mvulana akasoma mistari michache, akikosea hapa na pale, macho hayabanduki kwenye kitabu, masikio yamemwiva. Lakini alisoma.

"Kama chini ya gunia ndiyo hii," Mama Stumai akaniambia tukitoka, "basi gunia ni zima."

Nikamwambia yule mtoto tumemwaibisha. Akaniambia mimi na huruma zangu ningekuwa nauza maharage ningelala njaa.

Bondeni hakukuwa na ubao wala kikombe. Madirisha mawili yalikuwa yamezibwa kwa mbao, na upepo wetu wa Ufipa mnaujua, unapita popote. Mwalimu wa darasa la kwanza na la pili anaitwa Hellena, mwanamke mfupi, mkimya, sweta lake limechakaa viwikoni. Aliponisalimu kwa Kifipa, kwa kupiga viganja taratibu na kuchuchumaa kidogo kama tulivyofunzwa na mama zetu, nilimpenda palepale. Nyuma yake watoto walijazana kwenye madawati, wengine sakafuni.

Mama Stumai akatoa ombi lake lilelile. "Niitie anayeburura mkia, mwalimu."

"Huyo simwiti, bibi."

"Humjui?"

"Namjua sana. Nikimwita mbele ya wageni atajua kwa nini ameitwa, na kesho haji." Kisha akavuta kiti. "Lakini kaa hapo nyuma mpaka vipindi viishe. Usikilize mwenyewe. Utamwona, na wengine wote utawaona."

Hilo, sasa nalielewa, lilikuwa jibu zuri kuliko yote tuliyoyapata siku ile. Lakini Mama Stumai alikuwa na lori linalomsubiri, na zaidi ya hapo alikuwa amekwisha kusikia kile ambacho sikio la mfanyabiashara wa nafaka husikia. Katika biashara yake, muuzaji anayekataa gunia lisichomwe ana jambo moja tu analolificha. Akaaga kwa heshima, akatoka. Jioni ile ile sokoni akasema kwa ile sauti yake: "Shule ya bondeni wamekataa bambo. Anayeficha gunia anaficha wadudu."

Neno lake pale sokoni lina uzito. Wazazi wengine waliokwisha kuandikisha bondeni wakawahamisha watoto. Sikupendezwa, na nilimwambia hivyo, akanijibu, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Na aliyekutembezea kikombe ni nani?" nikamuuliza.

Akajifanya anahesabu magunia.

Basi Hasna akaenda shule ya juu. Nilimshonea sketi ya bluu yenye pindo nene ili iongezwe akikua, na bibi yake akamnunulia sweta jipya. Wiki za mwanzo hazikuwa mbaya. Darasa lilikuwa kubwa mno, mwalimu hakuwa na muda wa kumuuliza mtu mmoja mmoja, na Hasna alikaa nyuma amenyamaza, hakuna aliyemjua. Nyumbani aliendelea kumsimulia bibi yake mambo, kwa kukwama na kujikwamua.

Halafu siku moja alirudi sketi imelowa. Bibi akamuuliza kuna nini. Hakujibu. Akampa chai, hakujibu. Jioni akamwita kwa majina yote ya kubembeleza, na mtoto akamtazama tu kama alivyokuwa akitutazama sisi majirani. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Mama Stumai alikuja kukaa kwenye kibanda changu, hakusema neno, na kumwona mtu wa sauti ile amenyamaza kuliniuma kuliko kilio.

Aliyetufumbulia fumbo ni Mwalimu Tadei mwenyewe. Alikuja ghalani kuagiza maharage, uso umechangamka. Walikuwa wamepata wageni, akasema, walimu wa shule nyingine waliokuja kujifunza siri ya ushindi wao. "Na nilifuata ushauri wako, mama. Baada ya kuwaonyesha wanaoongoza, nikawaambia, sasa mtaona na wa mwisho wetu, hatufichi kitu. Walipenda sana. Ila kwa bahati mbaya darasa la kwanza mwalimu aliniletea kabinti kamoja hakakuweza hata kutaja jina lake. Kalijikojolea pale mbele. Watoto nao, unawajua, wakacheka. Lakini wageni walielewa."

Hakujua kabinti hako ni ka nani. Ana watoto zaidi ya elfu pale, atawajua wote vipi? Namtetea, maana si mtu mbaya. Alikuta njia inayosifiwa akaifuata. Mama Stumai alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Yule ni mjukuu wangu, mwalimu. Na kosa si lako, ni langu."

Mwalimu Tadei akaondoka bila maharage. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema wahenga, lakini safari hii alikuwa ametumbukia mtoto. Mama Stumai aliegemea magunia yake akalia, nami nikalia naye, na wateja wakaona heri waende ghala la jirani.

Asubuhi iliyofuata tukashuka bondeni, yeye, mimi na Hasna aliyejificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Mwalimu Hellena alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu, nilikusema vibaya sokoni," Mama Stumai akaanza.

"Nilisikia, bibi. Watoto kadhaa waliondoka. Walioketi sakafuni wakapata dawati." Hakutabasamu, lakini nadhani alikuwa anatania. Akamtazama Hasna, hakumuuliza jina, hakumuuliza umri, hakumshika kidevu. "Pale dirishani kuna nafasi," akamwambia. "Jua linafika mapema, utaota." Kisha akaendelea kufuta ubao, na Hasna, baada ya kusimama kitambo, akaenda akakaa.

Mimi nilirudi kwenye ushonaji wangu, lakini safari hii Mama Stumai aliketi nyuma mpaka vipindi vikaisha, na lori likasubiri. Alinihadithia baadaye huku akisahau kupunguza sauti. Kwamba mwalimu alimuuliza mtoto mmoja wa wafugaji swali, na mtoto analijua jibu kwa Kisukuma ila Kiswahili kimempotea, na darasa zima likaweka mikono juu ya dawati likangoja. Hakuna aliyemnong'oneza, hakuna aliyecheka. Mtoto akahangaika, akalipata, wakaendelea na hesabu. Kwamba wakati wa kuita majina mwalimu alisoma "Hasna", akatulia, akamtazama, kimya, akatia alama na kusoma jina linalofuata, bila kumwambia mtu yeyote kwamba huyu haongei.

"Nikamtafuta wa mwisho, Mama Flavian," akasema. "Nilikaa pale siku nzima nikamtafuta, sikumjua ni yupi."

Ijumaa ile, baada ya swala, alikwenda sokoni akasimama palepale aliposimama Januari, akasema amekosea, shule ya bondeni ni nzuri na yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Wengine walimwamini, wengine hawakumwamini. Wale waliohamisha watoto hawakuwarudisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na hilo linamuuma mpaka leo.

Hasna hakusema kitu wiki ile, wala iliyofuata. Bibi yake alimwacha. Alimpikia, akamsuka, akamsimulia yeye habari za magunia, na hakumuuliza swali hata moja. Kwa mwanamke yule, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kupakia lori.

Mvua zilipokaribia kwisha, Stumai akapiga simu kutoka Mbeya. Nilikuwepo, nachambua maharage. Alikuwa amesikia habari za uhamisho kwa watu na alikuwa na hasira. Mama yake akaifungulia simu sauti sote tusikie, akaiweka juu ya gunia.

"Mama, umemtoa mtoto shule inayoongoza ukampeleka kwa wafuga ng'ombe? Hiyo shule imeshika nafasi ya ngapi kwenye wilaya? Wastani wao ni ngapi?"

"Sijui," Mama Stumai akasema. "Sikuuliza."

"Hukuuliza? Wewe?"

Hasna alikuwa amesimama mlangoni na sare yake. Akasogea mpaka kwenye gunia, akainamia simu. "Ma," akasema. "Ma, ma, ma."

Mkono wangu ukabaki ndani ya ungo. Miezi miwili sauti ile haikuwa imesikika hata uani kwa bibi yake.

"Mwanangu! Ndiyo, mama yako hapa," Stumai akadakia. "Unataka kuniambia nini, umenikumbuka? Unataka nikuletee..."

"Stumai," Mama Stumai akasema. "Nyamaza. Mtoto anaongea."

Simu ikanyamaza. Mama Stumai aliweka mikono yake yote miwili juu ya gunia, akangoja. Nami nikangoja. Huko Mbeya, Stumai naye akangoja, nasi tulimsikia akihema. Hasna alifumba macho, akafungua mdomo, neno likakwama, akaliacha, akalianza upya.

"Ma-ma," akasema. "Leo mwalimu ameita ji-jina langu. Nikasema ni-nipo."