Ukucha wa Ijumaa Kuu

Nilipokuwa mtoto nilipigilia msumari siku ya Ijumaa Kuu, na jibu nikalipata kabla ya adhana ya adhuhuri. Huamini? Njoo gereji nikuoneshe ukucha wa kidole gumba changu cha kushoto, umepinda kama pembe ya mbuzi. Shule niliiacha mapema, lakini kwa ukucha huu hata waliomaliza hunyamaza.

Ndiyo kwanza tumehamia mtaa wa Mabela, huku ng'ambo ya bahari. Nna miaka tisa, na kibanda cha njiwa wangu, kizuri kuliko vyote mtaani, kimebakia ubao mmoja. Dada Resti, mtu wa Moshi aliyekuwa akitufanyia kazi nyumbani, akatoka jikoni mbio.

"Leo msumari haupigiliwi. Marehemu mama alituambia, anayepigilia Ijumaa Kuu anamsulubisha Yesu upya. Utaumia."

Nikamcheka, nikapiga. Nyundo ikaukosa msumari, ikashukia kidole.

"Myahudi wewe," akasema, huku ananifunga kitambaa. Ndilo jina alilonipa kila nilipomuudhi. Kwao, alisema, watoto watundu wote waliitwa hivyo.

Bibi akadakia kutoka mkekani: "Nabii Issa hakusulubiwa, sisi hatuna habari hizo. Lakini ushaambiwa usipige, umepiga ya nini?"

Nikakosa mtetezi katika dini zote mbili.

Alasiri baba akampeleka Resti kanisani Ruwi. Magharibi Resti akarudi, akaja kukaa karibu yangu.

"Leo tumewaombea Wayahudi," akasema. "Kila mwaka tunawaombea, tunasema Mungu alianza kusema na wao, na mimi sijawahi kusikiliza. Nikamfuata padri, nikamuuliza. Kasema zamani wengi wetu tuliwabebesha wote damu ya Yesu, na Kanisa limeshalikataa hilo. Yesu Myahudi. Mama Maria Myahudi. Sasa nimekutukana kwa jina la watu wa Mama Maria mara ngapi?"

"Mara mia," nikasema. Sikuona sababu ya kumpunguzia.

"Nisamehe. Halitatoka tena mdomoni mwangu."

"Na mama yako je?"

"Mama alinifundisha alichofundishwa. La msumari nitalishika. Hili namrudishia."

Na halikutoka, miaka sita, ijapokuwa nilimchokoza makusudi. Nilimwaga unga, nikafungulia njiwa jikoni. Atang'ata mdomo, aseme "mtoto wewe," basi. Siku hizi nikiutazama ukucha siikumbuki nyundo. Namkumbuka mtu mzima aliyeliweka chini neno la mama yake ndani ya siku moja, asiliokote tena.

Namba yake ya Moshi nimeipata, na leo nampigia kabla sijafungua gereji, maana kuna kipande nimekiruka. Kila aliponiita Myahudi, mimi nilimjibu: kafiri. Jioni ile, baada ya kuniomba msamaha, alinitazama, anangoja zamu yangu. Nikamwambia kidole kinauma, aniletee chai.

Akaniletea.