Cc 250 Ilivyonigombanisha na Mama Mkwe

Ndugu zangu, namtaja bila kuficha: Magesa, jirani yangu hapa Kitaji, ndiye aliyeniponza. Nilipoacha uvuvi baada ya kunusurika mtumbwi ulipozama, nilitaka pikipiki ndogo ya cc 125. Magesa akanicheka mbele za watu.

"Mtu mzima upande hako kapanzi? Chukua cc 250!"

Nikachukua, na ufupi wangu huu. Lidude zito, nikikaa juu miguu haigusi chini. Nilikuwaga nasimama penye jiwe au ngazi ya duka tu. Pasipo na kitu cha kukanyaga, napita.

Sasa kwetu ukimkuta mama mkwe njiani unashuka, unasimama pembeni, unamsalimia kwa adabu. Mimi kila nikimkuta kwenye barabara ya Mwisenge nilimpigia honi nikapita. Akaudhika, akamwita mke wangu arudi kwao Bukima.

"Mume gani anampigia mama yako honi kama anafukuza ng'ombe?"

Jumapili nikaenda kuomba radhi, nirudishiwe mke. Wakwe wote wamekaa uani, na uwanja mtupu, umefagiwa, hata jiwe la kukanyaga hamna. Nikaizunguka nyumba, kuku wanakimbia.

"Shemeji, si ushuke!" akaita mdogo wa mke wangu.

Nikazunguka tena, jasho linanitoka. Mwisho nikakamata breki, nikalala chini na pikipiki juu yangu, mbele kabisa ya mama mkwe.

Akaniangalia, akaiangalia pikipiki.

"Jamani, mwinueni mwanangu. Kumbe hakunidharau. Miguu ndiyo haifiki."