Ndege Aliyepigwa na Radi

Juzi mpwa wangu alikuwa akicheza mchezo wa viumbe wanaopigana kwenye simu. Ndege wake akaanguka, naye akacheka tu. Nikamkumbuka rafiki yangu Zarina na duka la baba yake pale mtaa wa Kambarage, lililonukia bizari na magunia mapya.

Mchana mmoja, tukiwa watoto, tulikaa nyuma ya kaunta na kimashine chake cha michezo, kikilia kama kifaranga. Aliponipa zamu nilichagua ndege mkubwa kuliko wote. Nyumbani kwetu mwewe alibeba vifaranga na hakuna aliyemweza, kwa hiyo niliamini huyu hawezi kushindwa. Adui, kidude kidogo cha mviringo, akarusha radi moja tu. Ndege akaanguka chini. Nikalia.

“We, hajafa! Amezimia,” Zarina alicheka. “Ndege hawaiwezi radi. Mpeleke hospitali ya humo mchezoni akatibiwe.”

Alipopona, nilikataa kumtoa tena apigane. Niliogopa ataanguka. Sasa najua kila mwenye nguvu ana anayemweza, lakini bado ninazo kazi nyingi nilizozimaliza na kuzifungia kabatini, nikiogopa watu watazikosoa.

Mchana ule Zarina alininyang'anya kimashine. “Sasa nguvu zote hizo za nini, Mama Mwewe, kama hapigani?”